Poda ya talki na kansa: jinsi ya kuandaa dai lako Marekani, hatua kwa hatua

Naandika hii manake maswali ni yaleyale. "Dada, nimetumia poda ya mtoto tangu niko msichana, sasa nimeambiwa nina kansa, nalipwa?" "Kuna mtu kapiga anasema hela zangu ziko tayari, nimpe namba ya sosho (Social Security)?" "Mama alishafariki, tumechelewa?" Nikijibu mmoja mmoja sitamaliza, kwa hiyo soma hapa kwanza, ukikwama ndo uniulize. Mimi ni mkalimani wa hospitali, siyo loya. Ninachokupa hapa ni namna ya kuandaa vitu vyako ili ukifika kwa loya usirudishwe mlangoni, mambo ya sheria yenyewe utaongea naye.

Hali ilivyo, haraka haraka. Johnson & Johnson waliuza poda ya mtoto ya talki tangu 1894. Talki ni madini yanachimbwa, na huko ardhini mara nyingi yanakaa jirani na asbesto, ambayo hiyo inaleta kansa, halina ubishi. Oktoba 2019 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilikuta chembe za asbesto kwenye chupa moja ya poda hiyo, kampuni ikaiondoa sokoni shehena nzima, chupa kama 33,000. 2020 wakaacha kuuza ya talki Marekani na Kanada, 2023 wakaacha dunia nzima. Ila kampuni mpaka leo inasema poda yake ni salama na haina asbesto. Na wataalamu nao hawajawa kitu kimoja: uchambuzi mkubwa wa 2020, wanawake kama 250,000, haukuona uhusiano wa wazi na kansa ya ovari, halafu Julai 2024 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO likaipandisha talki kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea vinasababisha kansa. Kwa hiyo jua mapema, dai lako litapingwa. Kampuni ina mawakili wazuri na wa gharama, wewe silaha yako ni karatasi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari au simu ya kuandikia tarehe. Usitegemee kichwa.
- Kitambulisho, na orodha ya majina YOTE uliyowahi kuandikwa. Wale mliopitia kambi za wakimbizi mnajua, kambini jina hivi, uhamiaji vile, hospitali wamepindua la baba likawa la kwanza, na tarehe ya kuzaliwa Januari 1 kama nusu ya kambi. Andika yote.
- Akaunti ya kuingilia rekodi zako za hospitali, wengi ni MyChart.
- Majina ya hospitali na zahanati zote ulizotibiwa kwa ugonjwa huu, na miji.
- Mtu wa familia anayekujua tangu zamani, dada, shangazi, mume, atakusaidia kukumbuka.
- Kama ni dai la marehemu: cheti cha kifo. Kama alifia nyumbani Tanzania basi cheti cha RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya mtu anayeweza kusaini kuthibitisha tafsiri.

Uraia hauhitajiki, sina haja ya kulirudia hilo mara mbili. Mtu yeyote aliyeumizwa na bidhaa anaweza kufungua madai, na unachomwambia loya ni siri kati yako na yeye.

Hatua

1. Jua kansa yako inaitwaje, kwa jina kamili.

Hapa ndo wengi wanakwama. Mtu anakwambia "nina kansa ya tumbo", tumbo lipi? Kesi za talki zimegawanyika kwenye mafungu mawili makubwa. La kwanza ni kansa ya ovari, pamoja na ya mirija ya uzazi na ya utando wa ndani ya tumbo, kwa wanawake waliokuwa wanajipaka poda sehemu za siri, au kwenye chupi, au kwenye pedi. Na hata ndani ya ovari wanaangalia aina, wanataka ile inayoanzia kwenye ngozi ya juu ya ovari, epithelio wanaita. La pili ni mesotelioma, kansa ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, hiyo inahusishwa na kuvuta vumbi lenye asbesto, na mwanamume anaweza kuipata vilevile.

Kansa ya matiti, ya shingo ya kizazi, ya tezi dume, ya damu: nakwambia ukweli ili usipoteze nauli, mawakili wengi hawazichukui kwa talki. Fungua rekodi zako utafute ripoti ya patholojia, ile iliyoandikwa baada ya bayopsi au opereshini. Jina lililoandikwa pale ndilo la kumpa loya, usimpe ulilosikia wodini.

2. Tafuta tarehe zako tatu, saa inakimbia.

Andika: siku daktari alipokwambia ni kansa, siku ULIPOSIKIA mara ya kwanza kwamba poda inahusishwa na kansa, na kama mgonjwa kafariki, siku ya kifo. Kila jimbo lina ukomo wake wa kufungua dai na ukipita hata kwa siku moja unaweza kufutiwa hata kama una ushahidi wa kujaza gari. California miaka 2, New Jersey 2, Texas 2, New York 3, Missouri 5, na Tennessee na Kentucky ni mwaka 1 tu, mwaka mmoja jamani, ukimaliza kemo umeshaisha. Majimbo mengi yanaanza kuhesabu pale ulipojua au ulipotakiwa kujua kwamba ugonjwa una uhusiano na bidhaa, na hapo ndo mawakili wanabishana mpaka jasho, kwa hiyo usijihukumu mwenyewe kwamba umechelewa. Peleka tarehe, loya apige hesabu. Na dai la kifo lina hesabu yake peke yake, tofauti na la ugonjwa.

*Kosa la kawaida:* mtu kuandika kwenye WhatsApp au Facebook "mimi nilijua tangu 2016 hii poda ni sumu". Umeshawapa tarehe ya kukufungia mlango. Funga mdomo mtandaoni.

3. Omba rekodi, na omba sampuli isitupwe.

Rekodi ni haki yako kwa sheria ya nchi nzima, hospitali ina siku 30 kukupa, wanaweza kujiongezea 30 nyingine wakikuandikia sababu. Nenda dawati la rekodi au jaza kwenye mtandao wao. Omba: ripoti ya patholojia, ripoti ya opereshini, maelezo ya daktari wa kansa kutoka mwanzo, na vipimo vya kurithi kama ulifanyiwa, ile BRCA. Usiogope BRCA ikitoka una vinasaba vya kurithi, haiui dai moja kwa moja, ila upande wa pili wataitumia na loya wako lazima aijue kabla yao.

Sasa sikiliza hili manake watu hawaambiwi. Nyama waliyokukata kwenye opereshini imehifadhiwa maabara kwenye vipande vya nta. Sheria inailazimisha maabara kukaa na vile vipande miaka 2 tu, baada ya hapo wanaweza kutupa. Vile vioo vya darubini wanakaa navyo miaka 10. Wataalamu wa kesi wanaweza kutafuta chembe za talki humo humo kwenye nyama, kikitupwa kimetupwa. Kwa hiyo andika barua fupi kwa maabara ya patholojia ya hospitali yako: jina lako, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya opereshini, na kwamba unaomba vipande vya nta na vioo vyako vihifadhiwe visiharibiwe kwa sababu unafikiria kufungua madai. Baki na nakala. Usivichukue nyumbani, waache wao wavitunze, loya atavihamisha kwa utaratibu.

Mkalimani ni bure hospitalini, hospitali yoyote inayopokea hela ya serikali lazima ikupe. Usimtumie mtoto wa miaka kumi na mbili kusoma ripoti ya kansa ya mama yake, tafadhali. Na kama Kiswahili chako ni cha Bukavu na wamekuletea wa Dar hamwelewani, sema ubadilishiwe, siyo ukorofi.

4. Andika historia yako ya poda.

Hii kazi inachukua jioni moja au mbili na dada yako, na ndo moyo wa dai. Kwa kila kipindi cha maisha andika: poda gani, nani alinunua, wapi, ulipaka wapi mwilini, mara ngapi kwa wiki, mwaka wa kuanza na wa kuacha. Najua kwetu kusema "nilipaka huko chini" mbele ya mtu ni aibu, unasema "nilijipaka mwilini" ukitegemea mtu ataelewa. Hataelewa. Kwenye dai la ovari, shingoni na kifuani haitoshi, lazima iandikwe sehemu yenyewe kwa jina. Kama unaona haya omba loya au msaidizi wake mwanamke, wapo.

Kwa mesotelioma andika vumbi: kupaka watoto wangapi, chumba kina dirisha au hakina, nani alikuwepo. Hata wale wazee waliokuwa wanamwagia poda ya mtoto kwenye ubao wa keram kila jioni, andika, loya ataamua kama ina maana.

Soma lebo kwenye kumbukumbu yako vizuri. Kulikuwa na poda ya mtoto ya talki na nyingine ya wanga wa mahindi, kampuni hiyohiyo, chupa zinafanana. Ya talki kwenye viungo imeandikwa "Talc", ya mahindi imeandikwa "Cornstarch". Kama maisha yako yote ulitumia ya mahindi, dai hakuna. Na siyo lazima iwe Johnson's tu, kuna kesi za Gold Bond, za Avon, za Cashmere Bouquet, kwa hiyo usibadilishe jina la poda uliyotumia ili lifanane na la kwenye TV. Ukija kuhojiwa chini ya kiapo utasahau ulichodanganya.

Na miaka ya nyumbani usiifiche. Kama uliitumia Mombasa au Kariakoo miaka ishirini, ukaja Marekani ukaitumia mitano, andika hivyo hivyo, nchi kwa nchi. Mahali ilipouzwa na mahali ulipoitumia panaamua ushtaki nani na mahakama gani. Mfano upo: 2016 juri la St. Louis, Missouri liliipa familia ya mwanamke mmoja dola milioni 72, mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikafuta yote, sababu mama wa watu alikuwa wa Alabama na mahakama ya Missouri haikuwa na mamlaka. Milioni 72 zikayeyuka kwa sababu ya anwani.

5. Kusanya ushahidi wa poda.

Chupa ya zamani ikiwepo kabatini usiimwage, usiifungue, weka kwenye mfuko wa plastiki wa kuziba, piga picha mbele, nyuma na namba ya chini. Picha za zamani za nyumbani zenye chupa mezani, risiti, historia ya manunuzi ya Amazon au Walmart, vyote vinafaa. Huna chochote? Wengi hawana, nani anatunza chupa ya poda. Hapo wanaingia mashahidi, mtu aliyekuona ukitumia. Andika majina yao, usiwafundishe cha kusema.

6. Tafuta loya, na wewe ndo umpigie.

Ingia kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo lako, andika jina lake, angalia kama leseni iko hai na kama ana adhabu. Halafu muulize: umeshachukua kesi za talki ngapi? Utaiendesha wewe au utaipeleka kwa ofisi nyingine? Nani atakuwa ananipigia? Dai langu litafunguliwa wapi? Wengi wa ovari wanaenda New Jersey, mahakama ya serikali kuu imezikusanya pamoja, zaidi ya kesi 60,000. Siyo dai moja la kundi, kila mtu bado ana kesi yake, ni maandalizi tu yanafanywa pamoja chini ya jaji mmoja. Mesotelioma mara nyingi zinaenda mahakama za majimbo na zinakwenda haraka kidogo kwa vile wagonjwa hawana muda.

*Onyo kubwa:* mtu akikupigia yeye, akasema fungu lako limeshatoka, lipia ada ya kuachilia, kata simu. Mfuko wa jumla wa Johnson & Johnson HAUPO. Walijaribu mara tatu kupeleka madai haya kwenye mahakama ya kufilisika kupitia kampuni ndogo walizozianzisha, 2021, 2023 na 2024, zote zimegonga mwamba, ya mwisho jaji wa Houston aliikataa Machi 31, 2025, na kampuni ikasema inarudi kupambana kesi moja moja. Sasa huyo wa kwenye simu hela kaitoa wapi?

7. Soma mkataba kabla ya kusaini.

Kawaida hulipi kitu mpaka mpate, halafu loya anachukua asilimia, mara nyingi 33 mpaka 40. Swali la kuuliza: asilimia inakatwa kabla ya gharama au baada? Piga hesabu. Umepata dola 100,000, gharama za kesi 10,000, loya 40%. Ikikatwa kabla, yeye 40,000, gharama 10,000, unabaki na 50,000. Ikikatwa baada, zinabaki 90,000, yeye 36,000, wewe 54,000. Elfu nne hizo ni kodi ya nyumba. Uliza pia tukishindwa gharama nani analipa, na nikitaka kubadilisha loya inakuwaje.

Usisaini ofisi mbili. Watu wanajaza kila fomu wanayoiona kwenye TV halafu wanajikuta na maloya watatu wanaogombana juu ya kichwa chao.

8. Jaza fomu, tulia, baki unapatikana.

Loya atajaza fomu fupi ya madai, wewe utajaza ya maelezo yako, ndefu, hapo lile daftari la hatua ya 4 linalipa. Jibu "sikumbuki" pale usipokumbuka, ni jibu halali. Ukihama nyumba, ukibadilisha simu, waambie siku hiyohiyo, dai linaweza kufutwa kwa sababu fomu ilirudi posta. Halafu ni kusubiri, miaka, siyo miezi.

Na matarajio nayo yawe ya kiasi. Watu wanasikia Missouri 2018, wanawake 22 walipewa dola bilioni 4.69, wanaanza kuchora ramani ya nyumba Kigamboni. Zilishushwa 2020 zikawa bilioni 2.12, na zikawa za uhakika 2021 baada ya Mahakama ya Juu ya Marekani kukataa kusikiliza rufaa. Kuna wengine juri lilisema kampuni haina kosa, wakatoka mikono mitupu.

9. Hela ikija.

Kabla ya kutumia: Medicare au Medicaid, bima za afya za serikali, iliyolipia matibabu inaweza kudai irudishiwe, loya amalizane nao kwanza. Ukiwa kwenye SSI, ile hela ya serikali kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, ukiwa na zaidi ya dola 2,000 benki unaweza kukatwa, kwa hiyo muulize loya kuhusu kuiweka kwenye amana maalum KABLA hundi haijaingia. Fidia ya kuumia mwili kwa kawaida haikatwi kodi ya mapato ya serikali kuu, ila ile ya kuiadhibu kampuni inakatwa.

Mlioko Uingereza

Njia ni tofauti. Oktoba 2025 kesi ya watu kama 3,000 ilifunguliwa Mahakama Kuu London, kule poda ya talki iliuzwa mpaka 2023. Ukomo wa England kwa kawaida ni miaka 3 tangu ulipojua, na sheria moja ya bidhaa ina ukomo mwingine wa miaka 10 tangu bidhaa kutoka kiwandani kwenda sokoni, kwa hiyo uliza mapema. Rekodi za GP, daktari wako wa kawaida, ni bure, wana mwezi mmoja. Mkataba wa usiposhinda hulipi upo, na nyongeza ya ushindi ya wakili haiwezi kuvuka 25% ya fidia ya maumivu na hasara iliyopita, na bima ya kesi inaweza kukatwa juu ya hapo. Scotland wana mahakama zao, usichanganye.

Ukikwama

*Hospitali wanasema rekodi zimepotea.* Omba kwa maandishi, waandike jibu. Halafu jaribu maabara ya patholojia moja kwa moja, bima iliyolipa, na daktari wa kansa wa sasa, mara nyingi ana nakala.

*Jina haliendani.* Usibadilishe hati yoyote. Loya ataandaa kiapo kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, ndo kazi ya ile orodha ya mwanzoni.

*Mgonjwa kafariki na hakuna wosia.* Mtu mmoja wa familia lazima ateuliwe na mahakama ya mirathi kusimamia. Mjomba kuchaguliwa kwenye kikao cha msiba hakutoshi. Mke na mume mliofunga ndoa msikitini au kimila bila cheti cha serikali, tafuteni hati mapema, ya Bakwata, ya Kadhi, ya mwenyekiti wa mtaa, chochote, na ugomvi wa nani mke umalizwe nyumbani kabla haujafika kwa jaji.

*Loya kanikataa.* Muombe barua yenye tarehe na sababu. Nenda kwa mwingine wiki hiyohiyo manake saa haikusimama. Wawili watatu wakikupa sababu ileile, kwamba aina ya kansa haimo, basi hapo hamna.

*Loya hapokei simu miezi.* Tuma barua pepe fupi, uliza namba ya kesi na imefunguliwa lini. Ukishapata namba unaweza kuhakikisha kwenye mtandao wa mahakama kwamba kweli ipo. Asipokupa namba, piga chama cha mawakili.

*Dada yangu yuko Tanga au Kisumu, naye aingie huku?* Mahakama za Marekani zinaweza kusema dai hilo ni la huko alikoumia. Amwone wakili wa huko kwanza, Kenya na Tanzania madai ya namna hii kwa kawaida yana miaka 3. Na wewe ripoti yake ya patholojia mwambie aipige picha leo, kurasa zote, na upande wa nyuma kama umeandikwa.